Mwongozo wa Mashine ya Boti: Shajara ya Kuingia katika Uandishi wa Kiufundi

Oktoba 2025

Mradi huu una malengo mawili yasiyotengana. La kwanza ni kuandika mwongozo wa Kiswahili wa kutunza mashine za boti za mipigo miwili, hasa zile ambazo oili huchanganywa na petroli kabla ya safari, kwa ajili ya mabaharia wa Lamu wanaozitumia kwa uvuvi na kwa kuvusha abiria kutoka Mokowe, upande wa bara. La pili ni kupata, kwa njia ya mwongozo huo, kazi ya mfano ya kuambatisha kwenye maombi yangu ya kazi ya uandishi wa kiufundi, fani ambayo nimeazimia kuishika baada ya kufanya ukarani kwa muda mrefu katika karakana ya mashine za boti. Hapo karakanani ninaandika risiti, ninahesabu vipuri, na mara kwa mara ninaona mashine ikiletwa kwa hitilafu ambayo kitabu cha mtengenezaji kimekwisha kuieleza na kuizuia. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi na kinahifadhiwa kabatini kwa mwenye boti, ilhali anayeiwasha mashine kila alfajiri ni baharia ambaye hajapata kukifungua.

Mwandishi wa kiufundi husimama kati ya aliyekitengeneza chombo na atakayekitumia, na kazi yake hupimwa kwa jambo moja: je, mtumiaji ameweza kuifanya kazi yake salama baada ya kusoma? Fani hii ina historia yake. Mwongozo wa kompyuta iliyoitwa BINAC, ulioandikwa na Joseph Chapline mwaka 1949, hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza wa aina yake, na Wajerumani wana chama chao cha fani hii, tekom, tangu mwaka 1978. Kwetu Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma aliyoilipia. Ninaisoma ibara hiyo pamoja na Ibara ya 7, inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na ninaona kuwa mwongozo ambao baharia hawezi kuusoma haujamfikishia haki hiyo, hata kama umechapishwa kwa rangi na kurasa zake ni nyingi.

Nimeweka mipaka mapema ili mradi usinizidi nguvu. Mwongozo utahusu kazi nne tu: kuchanganya mafuta, kuwasha, kuisafisha mashine baada ya kutoka baharini, na kutambua dalili za mashine inayokosa maji ya kupozea. Matengenezo ya ndani nitawaachia mafundi, kwa kuwa mwongozo unaomshawishi msomaji kufungua asichokiweza ni hatari kuliko kutokuwa na mwongozo.

Novemba 2025

Mwezi huu umekuwa wa kusoma. Nimemaliza kozi mbili za uandishi wa kiufundi ambazo Google ilizifungua kwa umma bila malipo mwaka 2020. Zililengwa kwa wahandisi wa programu, lakini mafunzo yake kuhusu sentensi fupi, kitenzi chenye mtendaji anayejulikana na aya yenye jambo moja yanafaa kwa mashine kama yanavyofaa kwa kompyuta. Kilichonisaidia zaidi ni mfumo wa Diátaxis wa Daniele Procida, unaogawa maandishi ya kiufundi katika aina nne kulingana na haja ya msomaji: somo la anayeanza, maelekezo ya anayefanya kazi, marejeleo ya anayetafuta taarifa moja, na maelezo ya anayetaka kujua sababu. Nilipokirudia kitabu cha mashine kwa jicho hilo, nilielewa mara moja kwa nini kinachosha. Ukurasa mmoja unaeleza nadharia ya upozaji, katikati yake pana hatua mbili za kufanya, kisha jedwali la vipimo, na msomaji aliyeshika bisibisi analazimika kuchambua mwenyewe kipi ni cha kufanya sasa na kipi ni cha kujua tu. Mwongozo wangu utakuwa wa maelekezo, na ukurasa mmoja wa marejeleo mwishoni.

Nimesoma pia ASD-STE100, kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa, zilizoanza kutayarishwa na viwanda vya ndege vya Ulaya katika miaka ya 1980 ili mafundi wasio wazawa wa Kiingereza wasome maelekezo ya matengenezo bila kubahatisha. Kanuni hizo zinataka neno moja libebe maana moja, kila sentensi ya maelekezo iwe na agizo moja, na sentensi hiyo isizidi maneno 20, huku sentensi ya maelezo ikiruhusiwa kufika 25. Kiswahili hakiwezi kuchukua kiwango hicho kama kilivyo, kwa sababu kitenzi chetu kimoja, mathalani "usipoifunga", kinabeba sharti, ukanushi, mtendaji na mtendwa kwa pamoja, na sentensi ya maneno 20 ya namna hiyo ni mzigo mzito kwa mtu aliyesimama ndani ya boti inayoyumba. Nimejiwekea kikomo cha maneno 12 kwa kila hatua, na hadi sasa sijaona hatua inayodai zaidi.

Suala la adabu limenichukua muda, na nadhani linastahili. Kumwambia nahodha mwenye mvi "funga", "vuta", "zima" kana kwamba ninamwamrisha mtoto kungekuwa utovu wa heshima uso kwa uso. Nilimwuliza mzee mmoja wa Langoni kuhusu jambo hilo, naye akanijibu kwamba karatasi haina umri, na kwamba neno fupi ndilo linalosikika upepo ukiwa mkali. Nimekubali rai yake kwa hatua zenyewe, lakini utangulizi wa mwongozo unamwamkia msomaji na kumweleza kwa unyenyekevu kwa nini maagizo yameandikwa kwa ufupi huo.

Desemba 2025

Kaskazi imetulia, boti ziko kazini tangu alfajiri, na karakana haipumziki. Huu ndio mwezi nilioutumia kumhoji fundi mkuu, na nimejifunza kwamba kuhoji ni nusu ya fani hii. Fundi aliyeishika kazi kwa mikono miaka mingi hajui kwamba anajua mambo mengi, kwa hiyo swali la jumla huambulia jibu la jumla. Nilipouliza mashine hupozwaje, nilipata maneno machache yasiyoweza kuandikwa. Nilipobadili njia na kusema, "Ami, ukiona maji yanayotoka yamepungua, mkono wako unaanza wapi?", alinyamaza kidogo, akainama kana kwamba mashine iko mbele yake, kisha akanieleza kwa mpangilio: "Naanza na waya mwembamba pale tundu la maji, mwanangu. Kama ni mchanga au chumvi, litazibuka. Lisipozibuka, zima, usibahatishe. Hiyo ni pampu."

Maelezo hayo machache yamekuwa uti wa sura nzima. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu yenye mapezi ya mpira, na sehemu ya maji hayo hurudi nje kwa mchirizi mwembamba ambao baharia anaweza kuuona akiwa ameketi penye usukani. Mchirizi ukidhoofika, ama njia ya kutokea imeziba, ama mapezi yamekatika na maji hayapandi, na hali hii ya pili ikipuuzwa mashine hupata joto hadi pistoni ikwame. Pampu hiyo hulainishwa na maji yenyewe. Mashine ikiwashwa nchi kavu, hata kwa muda mfupi tu, mpira huungua. Nahodha mmoja wa Matondoni aliyekuwa akisubiri kipuri alisikiliza mazungumzo yetu, akaongeza, "Kwanza tazama mayi, ndipo ukamate usukani." Nimeliweka agizo hilo, kwa Kiswahili sanifu, kuwa hatua ya mwisho ya sura ya kuwasha.

Jambo moja pembeni. Ahmad ibn Majid, bingwa wa unahodha wa karne ya 15, aliyaandika mengi katika mafunzo yake ya bahari kwa mashairi ya Kiarabu ya mizani ya rajaz, umbo ambalo manahodha waliweza kulihifadhi kichwani. Baadhi ya watu huku Pwani bado wanasimulia kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, ingawa wanahistoria wengi wa leo hawakubaliani na simulizi hiyo. Ninamtaja kwa sababu nyingine: alimjua msomaji wake, akajua kwamba karatasi na maji ya chumvi havipatani. Katika mji wa washairi kama Lamu wazo hilo linavutia, na huenda siku moja nimwombe mshairi anitungie beti za ukaguzi wa asubuhi. Kwa toleo hili nimechagua karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili.

Januari 2026

Majaribio yameanza, na hapa ndipo mradi ulipopata uzito wake. Utaratibu ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza: ninampa baharia rasimu, ninamwonyesha mashine, dumu la petroli, chupa ya oili na pipa la maji, kisha ninakaa kimya. Simsaidii, simsahihishi, sitingishi kichwa. Ninaandika anaposimama, anaporudia mstari, anapomgeukia mwenzake kuuliza. Kila kituo cha namna hiyo ni taarifa kuhusu maandishi, kamwe si kuhusu yeye, nami humweleza hivyo kabla hatujaanza ili asione kwamba anatahiniwa.

Sura ya mafuta ndiyo iliyobadilika zaidi. Vitabu vingi vya mashine hizi hutoa uwiano wa 50 kwa 1, na rasimu iliubeba hivyo hivyo, lakini hakuna baharia niliyemwona akipima kwa uwiano. Petroli hununuliwa kwa dumu, oili hununuliwa kwa chupa ya lita moja, na swali lake ni moja: dumu hili litiwe oili kiasi gani? Sasa ukurasa unasema kwa dumu la lita 5 tia mililita 100, kwa lita 10 tia 200, kwa lita 20 tia 400, na kwa tangi la lita 25 tia nusu lita. Chini yake pana mchoro wa chupa wenye mistari inayoonyesha kila kipimo kinafika wapi. Uwiano wenyewe umehamia kwenye ukurasa wa marejeleo, pamoja na sharti kwamba mwenye mashine aulinganishe na kibandiko au kitabu cha mashine yake, kwa kuwa ziko mashine zenye uwiano tofauti, na mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo.

Sura ya kusafisha nayo imepangwa upya. Chumvi ikikauka ndani ya njia za maji huganda na kuziziba taratibu, hivyo mashine inayotoka baharini hupitishiwa maji matamu, na njia iliyozoeleka hapa ni kuisimamisha ndani ya pipa, tundu la kuvutia maji likiwa limezama, kisha kuiacha iungurume polepole bila gia. Propela lazima ing'olewe kwanza. Niliona baharia, kijana makini kabisa, akisoma hatua na kuitekeleza kabla macho hayajafika mstari unaofuata, na ndivyo watu wote wasomavyo maelekezo wakiwa kazini. Kwa hiyo kila onyo sasa linatangulia hatua yake, katika kisanduku chenye mpaka mnene. Ninafuata ngazi za kiwango cha Marekani cha ANSI Z535: HATARI ni kwa jambo litakaloua au kujeruhi vibaya lisipoepukwa, ONYO ni kwa linaloweza kufanya hivyo, TAHADHARI ni kwa jeraha dogo au la wastani, na ILANI ni kwa uharibifu wa mali bila madhara ya mwili. Ngazi hizi zinanilazimisha kuwa mkweli. Kuwasha bila maji ni ILANI, kwa sababu kinachoungua ni mpira. Kuwasha na propela ndani ya pipa ni ONYO. Kama kila kisanduku kingeandikwa HATARI, baharia angezoea na kuacha kuvisoma vyote.

Maji matamu yenyewe ni jambo la kufikiriwa. Kisiwa hiki kinategemea sana maji yaliyohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na mwongozo unaomtaka kila mwenye boti ajaze pipa jipya kila jioni ungekuwa umeandikwa kwa mahali pengine. Nimekubaliana na fundi kwamba pipa moja linaweza kutumika kwa mashine kadhaa maadamu maji hayajachafuka kwa oili wala kuwa na ladha ya chumvi, na hilo limeandikwa wazi.

Picha za simu nimeziondoa. Picha ya mashine inaonyesha kila kitu kwa nguvu sawa, nati na kivuli na kutu, na msomaji hajui atazame wapi. Michoro ya mistari, yenye sehemu moja tu iliyotiwa wino mzito na namba moja pembeni, ilisomwa bila kusita, hata na mzee mmoja ambaye amezoea herufi za Kiarabu kuliko hizi za Kirumi. Vilevile kila kazi sasa inaishia kwenye ukurasa mmoja, kwa kuwa mwenye mikono iliyojaa oili hawezi kufunua karatasi.

Februari 2026

Waajiri wengi katika fani hii wako upande wa programu za kompyuta, na wanataka mwombaji anayejua kufanya kazi kwa zana za waandaaji programu. Nimejifunza kuandika kwa Markdown, mfumo wa alama ulioanzishwa na John Gruber mwaka 2004, na kuhifadhi matoleo kwa Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Mwongozo wote wa boti sasa umo katika faili za Markdown, na kila badiliko lina maelezo yake ya kwa nini limefanywa. Faida yake imeonekana upesi: fundi akiuliza kwa nini hatua fulani ilihamishwa, ninaweza kumwonyesha jaribio lililosababisha.

Sambamba na hilo, nimechangia mradi mmoja wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuiboresha. Ukurasa wake wa kusakinisha ulichukulia kwamba intaneti ipo tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, jambo ambalo mtu wa visiwani halichukulii hivyo. Nimeandika njia mbadala: pakua kila kitu kwa mara moja, hakikisha faili zimekamilika, kisha sakinisha bila mtandao. Wasimamizi wa mradi waliuliza maswali mengi, mengine ya haki na mengine ya kuchosha, nami nikayajibu yote kwa kujaribu upya badala ya kubishana. Ukurasa umekubaliwa. Kwa anayeingia kwenye fani hii bila mwajiri, sijui njia bora kuliko hii, kwa sababu kazi zilizoandikwa ndani ya makampuni mara nyingi ni siri na hazionyesheki, ilhali mchango wa programu huria unaonekana na kila mtu pamoja na majadiliano yaliyouboresha.

Machi 2026

Maombi ya kwanza yamekwenda. Katika kila moja nimeambatisha sura ya kusafisha mashine, tafsiri yake ya Kiingereza, ukurasa wa programu huria, na ripoti fupi ya majaribio inayoonyesha rasimu kabla na baada. Ripoti hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi. Mwajiri mmoja aliyenihoji kwa njia ya video alipitia lugha kwa haraka, kisha akakaa kwenye ripoti akiniuliza niliwapataje wasomaji, nilinyamaza vipi, na nilitofautishaje tatizo la msomaji mmoja na tatizo la maandishi. Bado ninasubiri jibu.

Wenzangu wananiuliza kama ninaingia kwenye fani inayokufa. Wanayo sababu: chama kikongwe cha fani hii Marekani, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1953, kilitangaza Januari 2025 kwamba kinafungwa kwa kukosa fedha, na programu za akili unde zinaandika maelekezo kwa sekunde chache. Nimezijaribu kwa kazi yangu. Zinapanga sentensi vizuri na zinakumbuka kutaja propela, lakini hazikuwepo karakanani baharia alipoishika chupa ya oili akatafuta mstari wa kupimia, na mstari huo ndio uliofanya ukurasa utumike. Mwandishi ambaye kazi yake iliishia kwenye kupanga sentensi ana sababu ya kuhofu. Ninaona nafasi ya anayekwenda kwa msomaji ikibaki pana, hasa kwa Kiswahili, ambako mashine, pampu za sola na vifaa vya zahanati vinaingia kila mwaka na maelekezo ya lugha nyingine.

Kazi iliyo mezani sasa ni toleo la 1.1. Mashine za mipigo minne zinaongezeka majini, na hizo oili yake hukaa mahali pake ndani ya mashine, ikipimwa kwa kijiti. Kuichanganya na petroli kwa kufuata vipimo vyangu kungeiharibu mashine. Zipo pia za mipigo miwili zenye tangi lao la oili, nazo hazichanganywi kwa dumu. Kwa sababu hiyo jalada jipya halianzi tena na kichwa cha mwongozo. Linaanza na michoro miwili na swali: mashine yako ina kijiti cha oili au tangi la oili? Ukiona kimojawapo, ruka ukurasa wa mafuta. Sura ya kusafisha, ambayo ni ya mashine zote, nimeitenga katika faili yake ili iandikwe mara moja na kuingizwa katika kila mwongozo utakaofuata. Jalada litajaribiwa Mokowe, kwa mabaharia ambao hawajaiona rasimu yoyote, kabla kusi haijaanza kuvuma na boti kupandishwa pwani.